Kipande cha Kwanza cha Ndafu

Sogeeni karibu mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu hapo ndipo penye swali, na jibu lake mimi sinalo.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Daktari Rukia alikuwa na mikono. Alikunja waya mwembamba kama uzi, ukalala pale alipotaka ulale. Foibe alikuwa na subira. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumshinda kulisha, hata wale waliokwisha kugeukia ukutani. Anaeli alikuwa na masikio. Ukikosea noti moja ukiwa nyumba ya tatu, yeye alikuambia ni noti ipi na kwa nini umeikosea.

Wote watatu walikutana katika kinywa cha binti mmoja, jina lake Ndeshi.

Ndeshi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alipiga tarumbeta ya kwanza katika bendi ya kanisa, usharika wa Ngurunyi, kwenye miteremko ya juu ya mji wa Moshi. Foibe alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemlea. Anaeli alipiga tarumbeta ya pili na kukaa kiti cha kushoto kwake. Wakati wa mashindano ya sharika zote, solo ilikuwa ya tarumbeta ya kwanza. Ya kwanza ikishindwa, inakwenda kwa ya pili. Ndivyo bendi ile ilivyojipangia tangu zamani.

Shida ilikuwa meno. Mawili ya juu yalipandana, na chonge la kulia lilitoka mbele. Kila Ndeshi alipobana tarumbeta mdomoni, lile chonge lilichana mdomo kwa ndani. Mwanzo alipiga saa nzima ndipo aonje damu. Baadaye nusu saa. Ilipofika Januari, alikuwa hawezi kumaliza nyimbo mbili.

Alikwenda kwa daktari wa kwanza, akaambiwa afungwe nyaya mbele ya meno. Akauliza, "Na tarumbeta?" Daktari akasema, "Tarumbeta usahau miaka miwili. Ukiubana mdomo juu ya vyuma, utaukata vipandevipande." Wa pili akamwambia yaleyale. Ndeshi alirudi nyumbani akalala bila kula. Mashindano yalikuwa Juni.

Wa tatu alikuwa Daktari Rukia. Huyu alimsikiliza, akasema, "Kesho njoo nayo."

"Nije na nini?"

"Tarumbeta."

Kesho yake Ndeshi alipuliza tarumbeta akiwa kwenye kiti cha meno, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri nje wakachungulia mlangoni. Daktari alimtazama mdomo, shavu na koo. Kisha akasema, "Mdomo wako unafanya kazi mbele. Basi sisi tutakaa nyuma. Nyaya zitashikwa nyuma ya meno, upande wa ulimi, wala hakuna atakayeziona. Lakini Ndeshi, ulimi ndio utakaolipia. Utajikwaa kila mahali."

Alichukua umbo la meno yake, akatengeneza vishikizo vyembamba, jino moja baada ya jingine, akakunja waya kwa mkono mara nne mpaka ukakaa bila kutuna. Siku ya kuufunga alikaa naye tangu asubuhi hadi mgongo wake ukakataa kunyooka. Alipomaliza, Ndeshi alipitisha ulimi nyuma ya meno yake, akahisi kama mtu aliyemeza uzio.

Aliulizwa, "Unajisikiaje?" Alitaka kujibu "sijui." Ikatoka, "Thijui."

Sasa msikilizeni Foibe.

Wiki ya kwanza ulimi wa Ndeshi ulichubuka pande zote mbili. Wiki ya pili ulivimba. Ugali haukupita na nyama hakuitazama, na hata ndizi laini zilinasa kwenye nyaya. Akapungua, na pumzi ikapungua pamoja naye. Anayepuliza tarumbeta bila kula ni kama anayepuliza moto kwa pua. Kila alipoamka alihesabu majuma yaliyobaki kufika Juni kabla hajatoka kitandani.

Asubuhi moja Foibe aliingia stoo kuchukua jembe, akamkuta Ndeshi ameketi juu ya gunia, mkononi ana koleo la kukatia seng'enge.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nazing'oa, mama. Thitaki tena. Bora damu niliyoizoea."

Foibe hakumnyang'anya lile koleo. Aliketi naye juu ya gunia, akasema, "Leo Jumatano. Nipe mpaka Jumapili. Jumapili ukitaka kuzing'oa, taa nitakushikia mimi."

Kuanzia siku hiyo alimpikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, akauponda, akauchuja kwa kitambaa, akamnywesha kikombe kimoja kila baada ya muda mfupi, kama mtoto mchanga. Alimchemshia maji ya chumvi ya kusukutua. Ile nta waliyopewa na daktari, aliifinyanga kati ya vidole vyake, akaibandika mwenyewe juu ya kila ncha iliyochoma, asubuhi na jioni. Jumapili ilipofika akasema, "Nipe mpaka Jumapili nyingine." Zikapita Jumapili tano. Ya sita Ndeshi alikula maharage, na koleo lilikwisha kurudi kwa mwenyewe, jirani aliyelidai siku nyingi.

Mwili ukarudi, pumzi ikarudi. Damu mdomoni ikakoma. Lakini tarumbeta iligoma.

Mpiga tarumbeta huanzisha kila noti kwa kupiga ulimi nyuma ya meno ya juu, kama anayesema "tu." Na pale hasa ndipo nyaya zilipokuwa. Noti za Ndeshi zilitoka na uvivu, kila moja imevaa hewa mbele yake. Alijaribu kupiga kwa nguvu, ulimi ukachanika. Alijaribu taratibu, noti zikashikana. Kwenye mazoezi alisubiri zamu yake, na ikifika, anatamani ipite.

Wiki tatu kabla ya mashindano, Mwalimu Tumsifu, kiongozi wa bendi, alimwita pembeni. "Ndeshi, sina namna. Solo atapiga Anaeli."

Jioni hiyo mama yake Anaeli alipeleka habari kwa ndugu wote mpaka Arusha. Mwanawe alikuwa amekaa kiti cha pili kwa miaka saba.

Siku ya tatu yake Anaeli alifika kwa kina Ndeshi, akabisha hodi, akasimama uani bila kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nimekuja kwa Ndeshi. Ndeshi, unapopuliza usiseme 'tu.' Sema du."

"Unanikejeli?"

"Sema du. Ulimi uurudishe nyuma kidogo, ugonge juu kwenye kaakaa, usiguse nyaya kabisa."

Ndeshi akaleta tarumbeta. Noti ya kwanza ilikwama. Ya pili ikakwama. Ya tano ikatoka imekamilika, na Foibe akasimamisha mwiko hewani.

Walifanya mazoezi migombani kila jioni, Anaeli akitoka kazini. Baada ya siku kumi Anaeli alikwenda na Ndeshi kwa Mwalimu Tumsifu, akamwambia, "Mrudishie solo yake. Msikilize kwanza, kisha umrudishie."

"Una hakika? Mama yako ameshaalika watu."

"Nina hakika."

Mwalimu akamsikiliza Ndeshi, akamrudishia solo. Walipokuwa njiani kurudi, Anaeli alimwambia Ndeshi jambo ambalo hakulazimishwa kulisema. "Nilijua tangu Machi. Siku ya kwanza tu niliyokusikia nilijua dawa yake ni nini. Nikanyamaza. Nilikuwa naitaka ile solo."

Walitembea mpaka njia panda, kila mtu akashika njia yake.

Siku ya mashindano Ngurunyi walikuwa wa saba. Bendi sita zilipiga, na kila iliyoshuka jukwaani ilizidi kumkausha Ndeshi kinywa. Alipitisha ulimi juu ya nyaya, akasahau ulimi unakwenda wapi, akakumbuka, akasahau tena. Mwalimu Tumsifu akainua mkono. Bendi ikaanza, ikanyamaza. Ilikuwa zamu yake.

Noti ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ikaifuata. Kuanzia hapo hakukumbuka kitu, ila aliposhusha tarumbeta alikuta watu wa nyuma kabisa wamesimama.

Ngurunyi walichukua kikombe kwa mara ya kwanza. Jumamosi iliyofuata usharika ulifanya sherehe, na ndafu ikaletwa mbele, mbuzi mzima aliyechomwa, majani mabichi mdomoni. Mshereheshaji akakata kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akamkabidhi Ndeshi.

"Dada yetu," akasema kwenye kipaza sauti, "kipande hiki ni kimoja na hakikatwi tena. Mpelekee yule ambaye bila yeye tusingeisikia tarumbeta yako."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja alisema, "Kwa daktari. Wawili walimkatalia, huyu akakubali." Jirani yake akamjibu, "Ni kazi yake. Tena mwenyewe amekiri hapa mezani kwamba Ndeshi ndiye mgonjwa wake wa kwanza wa nyaya za nyuma. Alikuwa anajifunza kwake." Mama mmoja akasema, "Kwa Foibe. Nyaya zile zingekuwa jalalani sasa hivi." Akaulizwa, "Mzazi hupewa zawadi kwa kulisha mwanawe?" Kijana akapaza sauti, "Anaeli! Nani mwingine ameacha kitu chake?" Na kutoka nyuma akajibiwa, "Ameacha, lakini mwenyewe aliiungamia bendi kwamba kwanza aliuficha ufunguo miezi mitatu."

Daktari Rukia alikuwa anatabasamu kwa adabu. Foibe hata hakuwa ameketi, alikuwa anagawa sahani kwa wageni. Anaeli alitazama viatu vyake, na mama yake pembeni alimtazama Ndeshi bila kupepesa.

Ndeshi alisimama katikati ya ua. Alikuwa ameogopa chonge, akaogopa nyaya, akaogopa jukwaa, lakini hofu ya siku hiyo ilizipita zote. Nyama ilianza kupoa. Aliinua mguu mmoja, akaurudisha pale pale.

Nanyi mnaonisikiliza, sahani hiyo ingekuwa mikononi mwenu, na macho yote yale yanawatazama, mngeipeleka kwa nani?