Fisi na Kambare wa Kifungua Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri, naona mmekula. Aliyekuja na njaa akae nyuma, maana hadithi hii ina nyama nyingi na sitaki tumbo la mtu linikatize.

Hapo zamani za kale, kando ya ziwa lililozungukwa na mafunjo, aliishi Fisi mmoja kijana. Fisi huyu alimchumbia Sikuzani, binti wa ukoo wa fisi wa ng'ambo ya kilima. Walipendana. Msicheke, hata fisi hupendana. Sikuzani alikataa wachumba wawili kwa ajili yake, na wenzake wakamsema mpaka wakachoka.

Mahari ilikwisha kutolewa. Kilichobaki ni kifungua mlango. Na desturi ya ziwa lile ilikuwa hivi: bwana harusi aingie chomboni peke yake, avue kambare kwa mkono wake, amlete mzima mzima mlangoni kwa mama mkwe kabla jua halijatua. Asipomleta, mlango haufunguliwi, wala hapangiwi siku nyingine. Ngoma zinarudishwa ndani na watu wanakwenda zao.

"Kambare tu?" akasema Fisi. "Hilo nalo ni jambo la kumtoa mtu jasho?"

Akaanza kujiandaa. Na aliyekuwa hajaona maandalizi, siku ile aliyaona!

Kwanza akatafuta chambo. Wavuvi wote wa ziwa lile walitumia minyoo. Fisi akakunja pua. "Minyoo? Mimi ninaoa, silimi shamba." Akatafuta maini ya mbuzi, laini, yanachuruzika damu, akayafunga kwenye jani la mgomba.

Kisha akatafuta mshipi. Wenzake walisokota katani. "Katani ni ya kufungia mbuzi," akasema. Yeye akasokota kano za nyumbu, mbichi bado, zinanukia.

Halafu akageukia chombo. Alikuwa na mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za mkonge kama mitumbwi yote ya ziwa lile. Fisi akazing'oa kamba zote. Akaushona upya kwa ngozi ya nyati, tena akaipaka mafuta ya kondoo. Chombo cha bwana harusi lazima king'ae, au sivyo?

Watu wakaja kutazama. Fisi akauzunguka mtumbwi wake akiimba:

*Nina chombo, nina kasia,*
*nina mshipi na ndoana,*
*kilichobaki ni samaki!*

Korongo alikuwa amesimama topeni kwa mguu mmoja. Akamwuliza, "Bwana harusi, lakini umekula?"

"Sijala tangu juzi. Pilau la harusi nimelitengea nafasi."

Korongo akayatazama maini. Akautazama mshipi. Akaitazama ile ngozi inayong'aa kwa mafuta. "Hongera," akasema. "Wavuvi nimewaona wengi, ila aliyeingia ziwani na karamu sijapata kumwona."

"Wivu huo," akasema Fisi, akashika kasia.

Ukoo mzima wa Sikuzani ukasimama ufukweni. Sikuzani mwenyewe alikuwa mbele, mama yake pembeni. Fisi akapiga kasia mpaka katikati ya ghuba. Akafungua lile jani atie chambo kwenye ndoana. Harufu ikampanda puani.

"Nionje kidogo," akasema. "Mvuvi makini lazima ajue ladha ya chambo chake."

Akaonja. Akaonja tena ili awe na hakika. Alipokuwa na hakika, jani lilikuwa tupu, naye akalilamba jani.

Kutoka ufukweni Sikuzani akaita, "Umepata, mwenzangu?"

"Bado!" akajibu Fisi, mashavu yamejaa. "Kwanza ninawazoesha!"

Akashika mshipi. Akaunusa. "Mshipi huu mrefu mno," akasema. "Ziwa lenyewe halina kina hivi. Nipunguze ncha." Akapunguza ncha moja. Ncha ya pili ikaonekana ndefu kuliko ya kwanza, akaipunguza nayo. Mwisho akabaki na ndoana kiganjani, na ile akaitema kwa sababu ilikuwa chuma.

Hapo kambare mkubwa akaibuka kando ya mtumbwi, masharubu yanaelea. "Habari za uvuvi?"

"Njema," akasema Fisi.

"Nangoja chambo tangu asubuhi. Leo hakuna?"

"Kimeliwa. Ziwa hili lina wezi."

"Pole sana," akasema Kambare. "Basi niteremshie hata mshipi mtupu niung'ate. Namwona bibi harusi kule amesimama juani, namhurumia."

Fisi akatazama mikono yake. Akatazama chini ya miguu yake. "Mshipi nao..."

"Wezi wale wale?"

"Wale wale."

Kambare akacheka mpaka akameza maji, na kwa samaki hilo si jambo dogo. Akazama, asionekane tena.

Jua likaanza kuinama. Fisi akawatazama watu ufukweni, akamwona Sikuzani yuko pale pale, na moyo ukamuuma. Ukamuuma kweli, simsingizii. Alimpenda yule binti. Ila fisi akihuzunika, mwajua anavyofanya? Hutafuna. Akainamia ubavu wa mtumbwi, machozi yanamtoka, akatafuna ugwe wa kwanza wa ngozi. Ulikuwa na mafuta. Akatafuna wa pili. Huku analia, huku anaimba:

*Nina chombo... nina kasia...*

Alipofika ugwe wa katikati, mbao zikaagana. Moja ikaenda huku, nyingine kule, na bwana harusi akaenda chini. Akaibuka amekumbatia kasia, akapiga miguu mpaka akafika ufukweni. Kasia lilikuwa la mti mkavu, ndiyo maana likasalimika.

Mama mkwe akatazama jua, akageuka, akaenda kuwaambia wapigaji warudishe ngoma. Sikuzani akabaki.

"Sikuzani," akasema Fisi, "chombo kilikuwa kibovu. Nipe siku nyingine, nitajiandaa vizuri zaidi."

"Ulijiandaa vizuri," akasema Sikuzani. "Nimekutazama mchana kutwa. Chambo kilikuwa cha kunipata mimi, ukakila. Mshipi ukaula. Mtumbwi uliokubeba juu ya maji, umekaa ndani yake ukautafuna. Sasa niambie. Nikikuzalia mtoto, mchanga, laini, nimlaze ndani nikateke maji. Nikirudi nitamkuta?"

Fisi akafungua mdomo amjibu. Udenda ukatangulia.

Sikuzani akaupandisha ushungi wake, akaondoka, wala hakugeuka nyuma.

Enyi mnaonisikiliza, mmezoea kusema tamaa ilimuua fisi. Huyu hakufa. Alirudi nyumbani na kasia lake, tumbo limeshiba, nyumba haina mtu. Ninyi mnaopaka vyombo mafuta na kuvishona upya, vizuri, endeleeni. Lakini kabla hujaandaa mtumbwi, mshipi na chambo, mwandae kwanza huyo atakayepanda, maana ziwani hutakuwa na mwingine wa kumzuia.

Hadithi yangu nimeifikisha nchi kavu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika.