Jembe la Siku ya Tatu

Haya, aliyeuliza wale bata wekundu wamefuata nini bwawani kwetu asogee karibu, maana sauti yangu siipandishi kwa ajili ya mtu. Na anayenoa kisu akiweke chini kwanza. Nyama ya mgeni haishibishi.

Zamani ndege wa majini hawakuwa watu wa kutangatanga. Kila bata alikuwa na ziwa lake, akizaliwa humo na kufia humo. Hata hapa Lumbaji tulikuwa na wetu, weusi, wabishi kama sisi wenyewe.

Enzi hizo aliishi hapa mjane mmoja, Sikudhani. Binti zake wawili walikuwa wameolewa ng'ambo ya milima, na nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anasemezana na vyungu. Upweke ulimuuma, wala hakuona haya kusema.

Asubuhi moja akiwa jikoni alisikia mluzi mwembamba nyuma ya nyumba, kisha sauti: "Hodi hapa." Akajibu bila kugeuka, kama ajibuvyo mtu yeyote mwenye adabu, "Karibuni, piteni." Alipotoka akakuta dimbwi lake limejaa bata asiowajua, vifua vyekundu, nyuso nyeupe. Majirani wakaguna, wakamwambia awafukuze.

"Nimeshasema karibu," akawajibu. "Mnataka niirudishe mdomoni?"

Basi akawapa chenga za mchele na maji safi. Siku ya pili akawapikia uji wa mtama, wakazungumza hadi jua likazama, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Walimwambia kwamba ziwa lao halipo tena. Hakuwauliza limepotelea wapi, kwa kuwa wakati huo kwetu kumhoji mgeni ilikuwa utovu wa adabu. Mgeni husema anachotaka, wewe unaitikia pole.

Alichotaka moyoni kilikuwa kimoja tu, wasiondoke. Na sisi tunasemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa mbali hudhani huo ni msemo wa kumchosha mgeni aende zake. Kwetu ilikuwa heshima. Ukipewa jembe wewe si mgeni tena, umekuwa mtu wa nyumba. Kwa hiyo alfajiri ya siku ya tatu Sikudhani alichukua jembe zuri la marehemu mumewe, akalitia mpini mpya, akaenda kulilaza ukingoni mwa dimbwi huku akitabasamu.

Bata walipoliona wakajikusanya katikati ya dimbwi. Kumbe ziwa lao halikukauka lenyewe. Watu walikuja na majembe, wakachimba mfereji, wakayatoa maji yote ili wapate shamba. Jembe walilijua kwa kazi hiyo moja. Wakaruka wote kwa pamoja.

"Rudini!" Sikudhani akawaita. "Hilo ni jembe la kukaa, wanangu, si la kufukuza!"

Walikuwa wameshapita mlima. Alilia siku ile, tena hakulia kwa siri. Alijua kwamba neno moja tu la kuuliza lingemwachia nyumba iliyojaa.

Na tangu siku hiyo bata wale hawana ziwa. Huonekana popote wasikotazamiwa, hukaa siku mbili, na ya tatu ikipambazuka hawapo. Na sisi watu wa Lumbaji, tangu siku hiyo, tunamuuliza mgeni hata kabla hajamaliza kunawa: umetoka wapi, kimekutoa nini, nani kakuudhi? Wenzetu wanatuita wambeya. Na watuite.

Hawa walioko bwawani, leo ni siku yao ya pili. Mwenye neno la kuwaambia akawaambie sasa.