Picha ya Chumba cha Chini

Sanda hufunuliwa na mfiwa. Ndivyo Mama Tusajigwe alivyomwambia yule kijana aliyekuwa akipitisha simu yake barazani, akionyesha watu picha ya marehemu wa ajali ya jana. Nanyi wajukuu zangu mkanigeukia mkauliza: bibi, msemo huo umetoka wapi? Haukutoka mbali. Ulizaliwa Itumbwe, nami nilikuwapo, nimesimama na wanakwaya wenzangu. Sikilizeni ulivyoanza.

Itumbwe ni mji wa makaa ya mawe, juu milimani, kwenye ukungu na baridi. Nilipokuwa msichana, enzi za kampuni, mgodi ulilipuka. Wanaume wengi walioingia asubuhi ile hawakutoka wakiwa hai. Wake zao waliletewa maiti ndani ya majeneza yaliyokwisha kupigiliwa misumari. Msimamizi wa kampuni akasimama mbele ya kanisa akasema, "Msifungue. Walivuta moshi, wakasinzia. Hawakuteseka."

Miongoni mwa wajane alikuwamo Atuganile, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, naye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alimzika mumewe Ambakisye bila kumwona uso. Akajifungua binti, akamwita Subilaga. Kila binti alipouliza habari za baba, jibu lilikuwa lile lile: "Baba yako alilala tu, mwanangu. Alilala." Neno hilo Atuganile alilima nalo, akasali nalo, akazeeka nalo. Hakuolewa tena.

Mgodi ukaja kufungwa. Nyumba ya mawe ya meneja ikageuzwa kuwa makumbusho ya mji, yenye kofia za wachimbaji, taa na sururu chache zenye kutu. Miaka ikapita, akaletwa mkuu mpya wa makumbusho, Gwamaka, mzaliwa wa pale pale aliyesoma ng'ambo. Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, na mji wake aliupenda. Alitafuta wafadhili, na ubavuni mwa nyumba ya mawe akajenga vyumba vipya vya maonyesho: jengo la chuma cheusi na kioo, limeinama upande, sakafu yake ikishuka ardhini kama mdomo wa mgodi.

Mji uligawanyika. Sokoni walisema basi limepinduka juu ya nyumba ya meneja. Mchungaji alisema jengo lisilo na dirisha la kufungua ni kaburi. Vijana walijipiga picha mbele yake na kusema hatimaye Itumbwe nayo ina kitu. Mwalimu mkuu alimtetea Gwamaka hadi wakarushiana maneno na shemeji yake kilabuni, wakaacha kusalimiana. Kila mtu alikuwa na neno juu ya kioo na chuma. Hakuna hata mmoja, na mimi nimo, aliyeuliza ndani mtawekwa nini.

Siku ya ufunguzi mkuu wa wilaya alikata utepe, sisi tukaimba. Wajane waliobaki walikuwa wamepewa viti vya mbele. Atuganile alivaa gauni lake la kanisani, Subilaga amemshika mkono. Tukaingia kwa makundi, tukipita chumba hadi chumba, na kwa kweli vilipendeza. Watu walianza kulegea. Nilimsikia aliyelitukana jengo sokoni akisema, "Kumbe si baya."

Chumba cha mwisho kilikuwa chini kabisa. Kilikuwa na giza, na ukuta mmoja tu umemulikwa. Kwenye ukuta ule palikuwa na picha kubwa kuliko mlango. Wanaume walikuwa wamelazwa sakafuni, safu nzima, kabla hawajatiwa majenezani. Pembeni paliandikwa kwamba kampuni ilifunga mlango wa chuma ili moto usisambae, na kwamba hawa walikutwa nyuma ya mlango huo, wakiwa wameishi humo kwa muda kabla ya kufa.

Wa tatu katika safu alikuwa Ambakisye. Macho yake yalikuwa wazi. Vidole vyake havikuwa na kucha.

Atuganile alisimama. Wengine walikuwa wakilia, wengine wakipiga picha, mtoto mmoja akitafuna karanga na kuhesabu maiti kwa kidole. Subilaga alijaribu kumgeuza mama yake, lakini mama hakugeuka. Aliinua mkono akaugusa ule uso ukutani, naye hakufika ila kidevuni, kwa vile picha ilivyokuwa kubwa.

Gwamaka akaja upesi. "Mama, pole. Picha hizi tulizipata katika ghala la zamani la kampuni. Walizificha miaka yote. Waliwadanganya."

"Nimeona walivyonidanganya," Atuganile alisema. "Huyu ulimwomba kwa nani?"

"Mama?"

"Huyu. Ana mke. Ana mtoto, huyu hapa. Nyumba yangu iko nyuma ya kanisa, na wewe ulikulia mtaa wa pili. Ulimwomba kwa nani?"

Gwamaka akasema, "Niliona ukweli haustahili kufichwa, Mama. Nilitaka watu wote wajue."

"Sikukwambia ufiche. Ungenibishia hodi. Ungesema, mama, nimempata, njoo. Ningekuja na mwanangu, mlango umefungwa, nikamtazama, nikamlilia. Kisha mimi mwenyewe ningekwambia, haya, waite watu waone tulivyotendwa." Akashusha mkono. "Kampuni walinikataza kumfunua. Wewe umemfunua bila mimi. Mwanangu, sanda hufunuliwa na mfiwa."

Mkuu wa wilaya alitoka nje na watu wake. Chakula kilichoandaliwa kikaachwa mezani.

Kesho yake mji uliwaka upya. Wapo waliovurumisha mawe kwenye kioo. Wapo waliosema bila picha ile uongo wa kampuni ungeishi milele, na sidhani kama walikosea. Gwamaka aliishusha picha, lakini kilichoonekana hakifunikiki.

Atuganile hakusema tena kwamba mumewe alilala. Alianza kukataa milango. Kila Subilaga alipoufunga mlango wa nyumba, mama aliinuka akaufungua. "Acha wazi," alisema. "Nikifungiwa nitawasikia wakiukwaruza mlango." Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu unaingia hadi kitandani. Subilaga alimfunika kwa mablanketi yote aliyokuwa nayo, akamwashia moto, akambembeleza. Mlango ulibaki wazi. Kichomi kikamshika, na kabla mahindi hayajavunwa tukawa tumeitwa kumwimbia.

Gwamaka alikuja mazishini. Watu walimnung'unikia, na bado akasimama kwenye mstari wa kuaga, kichwa chini. Wanaume wawili walitaka kumtoa, Subilaga akawakataza kwa mkono.

Mchungaji alipomwashiria mzee wa kanisa afungue jeneza, Subilaga alisema, "Hapana, Mchungaji. Mimi." Akasogea peke yake. Akainua kifuniko, akaifunua sanda usoni kwa mama yake, akainama juu yake, akakaa hivyo muda mrefu. Uwanja mzima ulingoja. Kisha akajifuta macho akasema, "Njooni sasa."

Tulipita mmoja mmoja. Gwamaka alipofika mbele ya jeneza, Subilaga alimtazama. Hakumtukana. Aliishika ncha ya sanda, akairudisha juu ya uso wa mama yake, akabaki ameiwekea mkono.

Gwamaka alisimama pale. "Nimeelewa, dada," alisema. Akapita. Subilaga akawafunulia waliomfuata.

Baadaye Gwamaka alizunguka nyumba za wafiwa, moja baada ya nyingine, akibisha hodi. Wengine walimruhusu, wengine walimfukuza, na wapo ambao hawakumfungulia. Subilaga hajamjibu hadi leo, na kwa kuwa baba yake yumo katika picha ile, ule ukuta wa chini umebaki mtupu. Watu hushuka, huutazama, hutoka.

Basi mkimwona mtu anaanika msiba usio wake, hata kama anasema kweli, hata kama nia yake ni njema, mwambieni kama tunavyoambiana Itumbwe: sanda hufunuliwa na mfiwa.