Siku Ilipong'olewa Injini ya Sitara

"Using'oe kikuukuu hujajua kimeshika nini." Ndivyo alivyosema Mzee Ruhuza leo kikaoni, nanyi mkatazamana mkacheka, mkadhani anajitetea asiondolewe kwenye uenyekiti. Huenda anajitetea kweli, hayo yake na nafsi yake. Lakini maneno yale si yake. Yalizaliwa hapa hapa Kalubamba, kwenye gati lile mnaloliona, nami nilikuwepo, beseni la dagaa kichwani. Mmetaka kujua yalikotoka, basi acheni simu zenu nisije nikarudia mara mbili.

Palikuwa na boti ikiitwa Sitara. Ilikuwa ndefu, ya mbao za mvule, yenye paa, na chini ya sitaha ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika Ziwa Tanganyika. Iliwachukua hapa, ikafuata ufuko kwenda kusini, wakalala humo, wakaogelea, wakashuka kutazama sokwe msituni, kisha ikawarudisha. Nahodha wake alikuwa Feruzi, na mkewe Mwavita ndiye aliyekuwa mpishi. Wageni wakiondoka, mume na mke hao walibaki kuishi humo humo, kwa sababu hawakuwa na nyumba nyingine. Masufuria ya Mwavita, kanga zake, na picha za watoto wao waliokuwa shule za bweni, vyote vilikuwa ndani ya Sitara.

Feruzi aliipokea boti hiyo kwa baba yake, Mzee Songoro, ambaye alikuwa bado hai, magoti mabovu lakini macho makali. Alipoipokea boti aliipokea pamoja na injini yake. Ilikuwa injini ya dizeli, kubwa kama ng'ombe aliyelala, nayo ilikuwa imechoka. Ilivuja oili, ilitoa moshi mweusi, na asubuhi ilikohoa mpaka majirani wakaamka. Mwavita hakuthubutu kuanika kitambaa cheupe. Safari moja ikazimika mbali na ufuko, upepo ukaanza kuwasukuma kwenye miamba, wageni wakalia kama watoto. Ikawaka dakika ya mwisho. Waliporudi, Feruzi alisema sasa basi, akaagiza injini mpya.

Mzee Songoro aliposikia habari hiyo alikuja kwa miguu yake mibovu mpaka gatini. "Itengeneze hiyo hiyo," akasema.

"Baba, haitengenezeki."

"Itengeneze hivyo hivyo."

Hakueleza zaidi, na Feruzi alidhani ni uchungu wa mzee kwa chuma alichokizoea.

Sasa niwaambie jambo la ufuko wetu ambalo ninyi hamkulikuta. Zamani hapa kidonda cha chombo kilikuwa hakitajwi. Boti ikigonga mwamba ikapasuka, mwenyewe aliiziba kimya kimya, na baada ya hapo hakumwambia mtu, si mke wala mtoto. Waliamini kwamba ukikitaja, maji yanasikia, na yakishasikia yatarudi kupatafuta pale pale. Kijana aliapishwa na baba yake juu ya jambo hilo siku ya kukabidhiwa usukani. Songoro aliapa kwa baba yake, na Feruzi akaapa kwa Songoro. Naona mnatabasamu. Tabasamuni, lakini hata majumbani mwenu yapo msiyoyasema.

Basi siku ikafika. Injini mpya ililetwa kwa lori, imo ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa nailoni, inang'aa hata hujaifungua. Kazi ilifanyika majini, Sitara ikiwa imefungwa gatini, kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kupandisha chombo kizito namna ile. Na mnalijua ziwa letu, halina adabu ya kuanza taratibu. Ukivuka ukingo wa gati tu, chini ni kina. Wakavuta ule mkono wa chuma wa gatini wa kupakulia mizigo mpaka ukakaa juu ya boti, wakaondoa mbao za sitaha, wakaning'iniza winchi ya mnyororo. Watu tulijaa kama harusini.

Fundi alikuwa Ntahondi, mtu mzuri, mpole. Alishuka akaanza kufungua bolti. Zote zilikubali isipokuwa mbili za nyuma. Akamulika tochi, akainama kutazama, kisha akainua kichwa.

"Nahodha, hizi mbili si kama zile nyingine. Zimepita kitako cha injini zikaendelea chini."

"Kutu hiyo," Feruzi akasema. "Zikate."

Mzee Songoro alikuwa amesimama ukingoni. "Hizo ziache, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mzee alifungua mdomo. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Akatazama maji, kisha akaufunga.

"Ziache tu," akasema.

"Baba, wewe na injini yako wote mmechoka. Kaa hapo upumzike, utuachie kazi."

Watu wakacheka. Mzee akarudi nyuma, akaketi juu ya gunia la mkaa, mikono magotini. Ntahondi akachukua msumeno wa chuma akazikata zile bolti mbili.

Vijana wakavuta mnyororo. Ile injini ikatikisika, ikang'oka, ikaanza kupanda, oili ikichuruzika. Wanawake tukapiga vigelegele. Mwavita hakuwa nasi. Alikuwa chini, katika chumba cha mbele, anakunja magodoro ili yasishike oili, na mlango alikuwa ameufunga kwa ajili ya vumbi la chuma.

Ndipo tukasikia mlio kama wa kuni inayopasuliwa. Ntahondi akapiga ukelele, akaruka akashika ukingo wa sitaha. Pale ilipokuwa injini, maji yalikuwa yanapanda, tena si ya kuvuja, ni maji yanayosukuma. Vigelegele vilitukauka mdomoni.

Mzee Songoro alikuwa ameshasimama. "Irudisheni!" akapiga kelele. "Ubao ulipasuka hapo! Niliubana kwa bamba la chuma na injini ikalikalia! Irudisheni haraka!"

Hakuna aliyewahi kusikia mtu wa ufuko huu akitaja kidonda cha chombo chake mbele ya watu. Feruzi alimtazama baba yake kana kwamba hamjui. Halafu vijana wakaachia mnyororo, na wale wale waliokuwa wakiiita injini ile takataka sasa waliisukuma kwa mikono mitupu irudi mahali pake, wakiibembeleza. Lakini Sitara ilikuwa imekwisha kulala ubavu. Injini haikuona mahali pa kukaa. Ikabaki inaning'inia.

"Mwavita!" Feruzi akaita. "Mwavita!"

Tukasikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Feruzi alijitosa. Aliuvuta ule mlango, lakini maji yalikuwa yameukandamiza, haukusogea. Akapanda juu ya ubavu uliobaki juu ya maji, akavunja dirisha la chumba kwa kiwiko, akaingiza mikono. Kamba za gatini zilikuwa zinalia. Moja ikakatika. Akamvuta mkewe kwa mabega, kanga ikanasa, akaikata kwa meno, akamvuta tena. Walipotoka, kamba ya pili ilikatika, na Sitara ikashuka nyuma yao. Haikuchukua muda. Ilishuka na masufuria, na magodoro, na picha za watoto, maji yakafunga juu yake yakatulia.

Mwavita tulimlaza juu ya mawe ya gati. Hakuwa akipumua. Ntahondi alimlaza kifudifudi akamkandamiza mgongo, sisi wengine tukilia, na Feruzi akawa anarudia jina lake tu. Mwishowe akakohoa. Akatapika maji mengi, akakohoa tena, akafumbua macho.

Hapo Feruzi akamgeukia baba yake. Damu ilikuwa inamtiririka kiwikoni.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliapa kwa baba yangu," Mzee Songoro akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta. "Na wewe uliniuliza mara moja, kisha ukanikalisha."

Wote wawili walikuwa wamekosa, na wote wawili walikuwa wanalijua hilo. Sisi tuliocheka tulitazama chini.

Mwavita akajiinua kwa mikono. Upande mmoja palikuwa na injini mpya ndani ya nailoni yake, haina pa kufungwa. Juu ya maji ile ya zamani ilikuwa inaning'inia, inadondosha oili tone kwa tone mahali ilipokuwa nyumba yake. Alimtazama mumewe, akamtazama baba mkwe wake.

"Mmoja ana kiapo, mwingine hana masikio," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mmeng'oa kikuukuu hamjajua kimeshika nini. Kilikuwa kimenishika mimi."

Mzee Songoro alipiga magoti yale mabovu mbele ya mkwewe, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na Feruzi akapiga magoti kando yake.

Tangu siku ile kiapo kile kilikwisha. Hapa Kalubamba fundi hagusi boti mpaka mwenyewe asimame gatini ataje kwa sauti kila mahali ilipowahi kuumia, maji yasikie yakitaka. Na mzee wa chombo akisema kitu kiachwe, huulizwa sababu, na watu huketi naye mpaka ajibu. Maneno ya Mwavita tuliyachukua sote gatini, tukayapeleka majumbani, kwenye mabaraza, kwenye ndoa, kwenye vikao. Yeye mwenyewe hakupenda kuyarudia, lakini sisi tunayasema mpaka leo: using'oe kikuukuu hujajua kimeshika nini.