Mrija Uliofunga Tenga

"Mwenye mtungi asidharau mrija." Ndiyo, hiyo hiyo mliyoisikia asubuhi, Kitwana alipomrushia mwenzake aliyeacha mrija wake ufukweni. Mkacheka, kisha mkanijia mbio: imetoka wapi? Haya, kaeni. Na wewe uliyekalia mapezi ya watu ya kuogelea, ondoka kabla hujayavunja. Asili ya maneno hayo ni hii.

Hapa hapa Kigoma palikuwa na mzamiaji aliyeitwa Feruzi. Alivua samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye miamba ya ziwa. Kazi yenyewe mnajifunza sasa: unavaa mtungi wa hewa mgongoni, unashuka, unamnasa samaki kwa wavu, unamtia kwenye tenga. Na mwiko wake mnaujua. Samaki wa kina kirefu hapandishwi mbio, maana tumbo humvimba akafa. Unapanda naye kidogo, unasimama, unamngoja azoee, unapanda tena. Hewa inayoliwa na kungoja ni nyingi kuliko inayoliwa na kuvua.

Feruzi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Ukimkaribisha ugali, atataka kujua mahindi yamelimwa wapi. Na mwaka huo alikuwa na swali lililomnyima raha. Kulikuwa na samaki jike mwenye mstari wa manjano ubavuni, ambaye siku nyingine alionekana mashavu yametuna na wala hali chakula. Wazamiaji wenzake walisema amebeba changarawe za kujengea kiota. Feruzi akasema, "Wapi! Ni watoto hao." Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mama gani anawaweka wanawe mahali pa kutafunia? Feruzi akaapa kwamba atamleta jike huyo akiwa hai, amtie kwenye pipa la maji mbele yao wote, waone atatema nini.

Boti aliiendesha dada yake mkubwa, Sikudhani, mwanamke wa maneno machache na kichwa kigumu. Kila Feruzi alipotaka kuingia majini, dada alimshikisha mrija, lile bomba lililopinda ambalo mtu huuma ncha yake moja akapumua hewa ya juu huku uso wake umo majini. Na kila siku walibishana.

"Dada, hewa ninayo mgongoni. Huu wa nini?"

"Beba."

"Chini haufanyi kazi. Unanasa kwenye wavu, unavuta miwani, maji yanaingia. Nikiibuka, mtungi ninao. Mtungi ukiisha, nalala chali, naogelea zangu. Niambie ni wakati gani nitauhitaji, nami nitauvaa hata siku ya harusi yangu."

Sikudhani alifikiri kwanza. "Sijui ni wakati gani," akasema. "Ningeujua, ningekupa siku hiyo tu."

Feruzi alicheka, lakini jibu lile lilimkaa kichwani. Hakupenda jambo lisilo na sababu.

Asubuhi moja, kijiti cha kufungia mfuniko wa tenga kilivunjika wakiwa wameshatia nanga. Feruzi alitazama huku na huku, akauchukua mrija, akaupitisha kwenye vitanzi viwili vya tenga. Ukakaa sawasawa, mfuniko ukafunga ndi! "Hongera, Dada," akasema. "Leo mrija wako umepata kazi ya maana." Sikudhani akasonya, akageuza uso.

Alishuka. Siku hiyo bahati ilikuwa yake, kwani kwenye ufa wa mwamba alimkuta jike wa mstari wa manjano, mashavu yamejaa kama mtoto aliyeiba maandazi. Alimkinga kwa wavu polepole, akamtia kwenye tenga, akafunga. Furaha ilimjaa mpaka akapiga kelele ndani ya kipumulio, kile cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi. Akaanza kupanda naye. Kila aliposimama alisogeza uso karibu na tenga, akamchungulia, naye samaki akamtazama kwa jicho moja. Kipimo cha hewa kiliingia kwenye wekundu, Feruzi akakiona, lakini kituo cha mwisho kilikuwa bado. Akijirusha juu sasa, jike atakufa. Akangoja. Akangoja mpaka kipumulio kikawa kizito, kila pumzi akiivuta kwa nguvu, ndipo akaibuka.

Lo! Juu hapakuwa vile alivyopaacha. Upepo ulikuwa umelivuruga ziwa. Nanga ilikuwa imeburuzwa na boti imesukumwa mbali. Sikudhani alikuwa akihangaika na mashine iliyogoma, na Feruzi alimwona pale tu wimbi lilipomwinua. Alilipuliza koti lake la kuelea kwa mdomo, likajaa. Akaelea, naam, lakini kuelea si kupumua. Alilala chali, kama alivyojigamba, na wimbi likamfunika uso, maji yakamwingia puani. Akajigeuza, akainua kichwa, jingine likamzaba kofi la mdomo. Akakohoa, akameza maji, akakohoa tena. Aliogopa, jamani. Mzamiaji yule aliyekaa kina kirefu bila wasiwasi aliogopa juu ya maji, jua likimwangaza.

Mkono wake uliokumbatia tenga ukagusa mrija.

Akaelewa papo hapo, na moyo ukamuuma. Akiuchomoa, mfuniko utafunguka, na jike ataondoka na swali la mwaka mzima. "La," akasema, "nitavumilia." Wimbi likampiga. "Nitavumilia." Likampiga jingine, na safari hii alipotaka kukohoa hakupata hewa ya kukoholea. Maisha matamu. Akauchomoa mrija, akautia mdomoni, akapuliza kwa hewa kidogo iliyobaki kifuani. Maji yakaruka, hewa ikaingia. Akaulaza uso majini, mgongo ukayapokea mawimbi, akavuta pumzi, na nyingine, na nyingine. Machozi yakamlengalenga ndani ya miwani.

Machozi yalipomwacha, akaona. Jike alikuwa ametoka kwenye tenga wala hajakimbia. Alisimama chini kidogo ya uso wa Feruzi, penye mwanga, akafungua kinywa. Wakatoka vifaranga, wadogo kama punje za ulezi, kila mmoja na macho yake mawili. Wakamzunguka mama yao kichwani, wakichezacheza. Feruzi alitazama bila kupepesa, akipumua tu. Kisha kivuli cha wimbi kikapita, vifaranga wote wakakimbilia kinywani. Mama akafumba mashavu, akateremka gizani.

Mashine iliwaka hatimaye. Sikudhani alimvuta nduguye ndani ya boti huku analia na kufoka kwa pamoja. "Mwehu wewe! Ungekufa, ningemwambia nani nini? Na tenga tupu! Samaki wako yuko wapi?"

"Ameshuka na wanawe. Nimewaona, Dada. Wallahi nimewaona."

"Na ule wakati uliokuwa ukiniuliza?"

Feruzi akautazama mrija mkononi. "Si wa chini," akasema, "wala si wa kwenye boti. Ni pale katikati, mtu akishamaliza kupanda na hajafika."

Ufukweni wenzake walikuwa wakimngoja na pipa lao limejaa maji. Walipoliona tenga tupu, vicheko vikaanza. "Haya bingwa, changarawe au watoto?"

"Watoto. Nimewaona wakitoka na kurudi."

"Uongo! Tuoneshe na sisi."

"Kesho twendeni wote," akasema Feruzi. "Tukimpata, tutampandisha polepole mpaka juu, tutamfungulia, mtajionea wenyewe." Kisha akamgeukia aliyecheka kuliko wote, akaupachika mrija wake kwenye mkanda wa miwani ya yule bwana. "Ila wakati huo hewa ya mtungi itakuwa imewaishia na mawimbi yako usoni. Basi anayetaka kumwona alishike hili kwanza: mwenye mtungi asidharau mrija."