Mshenga Aliyelaza Pikipiki Katumba

Pikipiki kubwa hununuliwa na mmoja, huinuliwa na wengi. Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi, maana babu zetu hawakuwa na pikipiki. Kweli hawakuwa nazo. Methali nyingine ni za kale kama milima, lakini hii bado changa, na aliyeizaa namfahamu kwa jina na kwa sura. Kaeni basi, niwaambie ilivyozaliwa.

Pale Uyole, Mbeya, palikuwa na mtu aitwaye Ambakisye Mwasomola. Alikuwa bwana misitu, akastaafu salama, akabaki na afya njema, mke mwenye subira aitwaye Tusekile, na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuomba msaada. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Jirani akifiwa, Ambakisye ndiye aliyetangulia kufika na shoka lake kupasua kuni. Lakini yeye kusaidiwa, hapana. Aliona kusaidiwa ni kuvuliwa nguo hadharani. Siku aliponunua kabati aliliingiza ndani peke yake, likakwama mlangoni, si ndani si nje. Majirani wakaja kutaka kusukuma, akawaambia ameliweka pale makusudi, rangi ikauke kwa upepo. Wiki nzima familia iliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, na mchungaji alipokuja kuwatembelea alipitishwa katikati ya masufuria.

Baada ya kustaafu, Ambakisye alishikwa na hamu ya pikipiki. Si hizi ndogo za bodaboda. Alitaka zile kubwa za safari ndefu, zenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku ya mizigo ubavuni, ambazo zikipita hugeuza shingo hata ya aliye msibani. Mhandisi mmoja wa barabara alikuwa amemaliza kazi yake mkoani na anarudi kwao Mwanza, akaiuza ya kwake. Ilikuwa imetumika, imekwaruzika huku na huku, lakini ngurumo yake ilikuwa ya simba aliyeshiba. Kabla ya kukabidhi funguo, mhandisi alimweleza kwa upole kwamba pikipiki ile ni nzito kuliko inavyoonekana, na kwamba wenye pikipiki za namna hiyo wana umoja wao pale mjini, ingefaa ajiunge nao. Ambakisye alimshukuru sana, akaondoka akiwa amesikia neno moja tu, nalo ni "funguo".

Tusekile ndiye aliyeshikilia waende kwenye huo umoja. Wanachama walikutana siku za Jumamosi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya mgahawa mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Lugano, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye pikipiki ndefu kuliko yeye. Wageni wakapokewa vizuri, wakapewa chai na maandazi, pikipiki yao ikazungukwa na kusifiwa kama mtoto mchanga. Kisha Mama Lugano akaeleza desturi yao: kila mwanachama mpya huilaza pikipiki yake pale nyasini, na wenzake wote humsaidia kuiinua, ili yeye ajue namna ya kuinua, nao wamjue yeye. Ambakisye akaweka kikombe chini. Akasema amenunua pikipiki ili aiendeshe, si ili ailaze, na kama ni kulala, atalala yeye mwenyewe, kitandani kwake. Akaaga kwa heshima zote. Tusekile alibaki nyuma kidogo, yeye na Mama Lugano wakapeana namba za simu, kisha akamfuata mumewe.

Siku hazikupita nyingi, Lusekelo, mtoto wa marehemu mdogo wake Ambakisye, akapata mchumba kule Lwangwa. Kijana huyo hakuwa na baba mwingine isipokuwa baba yake mkubwa, kwa hiyo Ambakisye akawa ndiye mshenga. Yeye ndiye angesema maneno ya ukoo mbele ya wakwe, na bila yeye hakuna ambalo lingesemwa. Ndugu walikodi gari, wakamwekea nafasi ya mbele. Akakataa. Akasema mshenga hapakiwi kama gunia la viazi, watangulie tu na Tusekile, yeye atawakuta. Alivaa koti la mvua, akakunja koti jipya la suti na kuliweka kwenye sanduku la pikipiki, akaondoka akinguruma, na njia nzima mpaka Kiwira alikuwa akiirudia hotuba yake ndani ya helmeti.

Alipopita Katumba na kuingia kwenye mashamba ya chai, aliona ni vyema asimame avae lile koti la suti, ili afike kwa wakwe akiwa nadhifu. Akasogea pembeni. Akashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Palikuwa na mfereji mdogo uliofunikwa na majani. Mguu ukaendelea kutafuta, na pikipiki ikaanza kuinama. Haikuanguka kwa kishindo. Ililala taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba anayechagua mahali pazuri, naye Ambakisye akateremka nayo akiwa ameshika usukani mpaka mwisho.

Hakuumia hata kidogo. Akasimama, akajipangusa, akatazama juu na chini ya barabara. Hapakuwa na mtu. Akamshukuru Mungu, akashika usukani na kuvuta. Pikipiki haikutikisika. Akashika nyuma, akavuta, kiatu kikabaki kwenye tope. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akaibembeleza, akaifokea. Miaka yote amebeba magogo msituni, akajiambia, leo chuma hiki kimshinde? Kikamshinda.

Wa kwanza kupita alikuwa Subilaga, mama mmoja aliyetoka kuuza maparachichi, beseni tupu kichwani. Alimsalimu, akaitazama pikipiki, akauliza kama imekufa. Ambakisye akajibu kwamba haijafa, ameilaza ili aikague chini. Akachutama na kuanza kuchungulia mabomba kwa makini, kama daktari. Subilaga akasema kwamba hajawahi kuona pikipiki inayokaguliwa chini, akashusha beseni, akaligeuza, akalikalia.

Wakafuata wachuma chai waliokuwa wakienda kula. Walikuwa vijana wenye nguvu, wakavua makapu migongoni bila kuambiwa. Ambakisye akawazuia. Akawaambia mafuta lazima kwanza yatulie upande mmoja. Wakatazamana, wakavaa makapu yao, wakaenda. Akaja mzee wa kanisa na baiskeli, naye akaambiwa habari za mafuta. Wakapita watu wa kwaya, wakaambiwa vilevile, na mmoja wao akamuuliza Subilaga kwa sauti ya chini kama yule baba ana ndugu wa kumwangalia.

Simu ikalia. Alikuwa Tusekile, wamefika zamani, yeye yuko wapi? Ambakisye akasema yuko karibu. Mke wake akauliza, karibu ya wapi? Akajibu kwamba mtandao unasumbua, akakata. Tusekile alikuwa amekaa na mtu huyo miaka mingi, na kabati la mlangoni alikuwa hajalisahau. Hakupiga tena kwa mumewe. Alimpigia Mama Lugano, akamwomba wamfuate njiani.

Mvua ya upande huo wa Tukuyu haibishi hodi. Ilianza kunyesha, na koti la suti lilikuwa limenaswa ndani ya sanduku la upande uliolaliwa. Ndipo ngurumo ikasikika kutoka Katumba, taa zikajitokeza katikati ya chai, moja baada ya nyingine, na msafara mzima wa umoja ukasimama mbele yake. Mama Lugano akavua helmeti.

"Habari za hapa, Baba?"

"Nzuri, mama. Ninaikagua chini."

"Umeona nini?"

"Bado naangalia."

"Haya," akasema Mama Lugano. Akawaashiria wenzake wazime injini. Akaenda akaketi kwenye nyasi kando ya Subilaga. Mwanachama mmoja akatoa jiko dogo la gesi, mwingine akafungua turubai, na baada ya muda kidogo watu walikuwa wanakunywa chai pembeni mwa barabara kama vile wametoka nyumbani kwa safari hiyo tu.

Ambakisye aliendelea kuchungulia mabomba. Maji yalimtiririka shingoni mpaka kiunoni. Hatimaye akasema, "Ninyi endeleeni tu, mama. Msichelewe kwa ajili yangu."

"Hatuna haraka. Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote, Baba. Mwenye uchungu hasukumi kwa sababu mimi nimetaka. Nakaa, nasubiri, mwenyewe akiwa tayari huniita."

Subilaga akaitikia kwamba ni kweli, wa kwake wa pili alikuwa hivyohivyo.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Lusekelo, naye hakulalamika. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa, wenyeji wanasema kama mshenga hayupo, basi maneno yaahirishwe mpaka mwakani, baada ya mavuno. Niwajibu nini?"

Ambakisye alikuwa amemshika mkono kijana huyo siku ya kumzika baba yake, akamwambia hatapungukiwa. Sasa kijana alikuwa anapungukiwa kwa ajili ya tope na aibu ya mtu mmoja.

"Waambie nakuja," akasema. Akaweka simu mfukoni, akageuka, na akaongea akitazama viatu vyake. "Mama Lugano. Imeanguka. Siwezi kuiinua. Nisaidieni."

Hakuna aliyecheka. Vikombe viliwekwa chini, watu wakasimama. Mama Lugano akamwonyesha asiinue kwa mikono kama anayebeba gogo, bali aipe pikipiki mgongo, akunje magoti, ashike chini, kisha wote waende kinyumenyume pamoja. Mmoja akashika usukani, wengine masanduku, na Subilaga, ambaye hakuitwa na mtu, akashika taa ya nyuma. Wakahesabu. Pikipiki ikainuka kwa wepesi kiasi kwamba Ambakisye aligeuka kuhakikisha ni ileile.

Wakiwa bado wamesimama pale, ardhi laini ikameza kiguu cha kusimamishia pikipiki ya mwenyekiti. Pikipiki ndefu ya Mama Lugano ikainama polepole mbele ya macho ya wote, ikalala. Ambakisye aliona aibu kana kwamba uso wake utapasuka, na pikipiki haikuwa hata yake. Lakini Mama Lugano akapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Haya, na yangu jamani," kama mtu anayeomba apewe chumvi. Kabla wengine hawajageuka, Ambakisye alikuwa amekwisha kuipa ile pikipiki mgongo na kukunja magoti.

Subilaga alipoona wanapanda, akamkabidhi mzee wa kanisa, aliyekuwa akirudi na baiskeli yake, lile beseni lake, akapanda nyuma ya mmoja wa wanachama. Alisema ameangalia tangu mwanzo, hawezi kuachiwa mwisho kwa kusimuliwa.

Kule Lwangwa, wakwe waliposikia ngurumo na kuona taa zote zile zikipanda mlima, walidhani ukoo wa Mwasomola umeleta jeshi. Mzee Gwakisa, baba mdogo wa binti, aliagiza haraka ndizi ziongezwe jikoni na mbuzi mwingine akamatwe. Ndugu wa Lusekelo nao walikuwa wakiulizana hawa ni ndugu zetu wa upande gani. Tusekile, aliyejua, akakunja vizuri kitenge chake.

Ambakisye akaingia sebuleni akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mzee Gwakisa akamkazia macho.

"Mshenga, tumekungoja tangu asubuhi. Je, kijana wenu naye ndivyo atakavyomchelewesha binti yetu?"

Ile hotuba iliyorudiwa njia nzima ilikuwa imeoshwa na mvua. Hakubaki na neno hata moja la ukoo. Akabaki na lile lililotokea.

"Baba, naomba radhi," akasema. "Nilinunua pikipiki kubwa, nikadhani nimenunua na nguvu za kuiinua. Ikalala Katumba. Watu wema wakapita wakitaka kunisaidia, nami nikawaambia habari za mafuta. Nimekaa mvuani mpaka nikajifunza: pikipiki kubwa hununuliwa na mmoja, huinuliwa na wengi. Kijana wetu naye anaoa akiwa mmoja. Lakini nyumba yake ikiinama, hatuwezi kuiinua upande wetu peke yake. Tutawaita. Ndilo nililokuja kuomba, kwamba tukiwaita, mje."

Mzee Gwakisa akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fimbo asianguke, na akasema wamesikia washenga wengi wakisifu ng'ombe na mababu, lakini huyu ndiye wa kwanza kukiri tope. Maneno yakapokelewa siku ileile. Umoja ukala mbuzi wa pili, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kueleza vizuri wao ni nani, waliingizwa katika hesabu ya wakwe mpaka leo, na wakialikwa huja.

Subilaga ndiye aliyeibeba methali. Aliipeleka sokoni pamoja na maparachichi yake, na kila aliyenunua aliondoka nayo. Mtu akianza kujenga peke yake, akiuguza peke yake, akitaka kuandaa harusi bila kamati, huambiwa hivyo.

Siku ile walipomaliza kula, mvua ilikuwa imekatika. Ambakisye alitoka nje, akakuta pikipiki yake imesimama vizuri kabisa, imeelekezwa ndani ya uwanja, kwenye kamteremko kadogo. Ilihitaji kugeuzwa tu. Aliitazama kidogo, akautazama mteremko, akageuka mlangoni.

"Jamani," akaita, "njooni mnishikie hii."

Wakatoka wote, Tusekile mbele, na Mzee Gwakisa nyuma na mikono yake yenye mafuta ya mbuzi. Pikipiki kubwa hununuliwa na mmoja, huinuliwa na wengi.