Jiwe Lililopikwa na Nakijwa

Kaeni chini, kaeni! Masikio huku, midomo fungeni! Hapo kale, kale ya kale, milima hii yetu ilipokuwa ingali mibichi, mvua iligoma. Iligoma, wajukuu wangu, ikagoma kabisa!

Watu wakasema, tuchimbe mfereji kutoka mtoni hadi mashambani. Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Mara, du! Majembe yamegonga jiwe. Si jiwe la kukalia, wewe Kiondo unayecheka. Jiwe kubwa kuliko nyumba hii! Maji yakifika pale yanamwagikia korongoni. Wakalichoma moto siku moja, halikupasuka, wakaliacha.

Mzee Senkoro, mkuu wa mfereji, akachomeka jani la isale mbele ya jiwe. Jani hilo likichomekwa, jembe haligusi tena hapo. Akatangaza: "Mwezi ukifa tunahamia bondeni. Asiyeweza kutembea abaki na Mungu wake."

Sasa, kijana mmoja, Nakijwa, alikuwa na mama yake mzazi, miguu imepooza. Mmeelewa? Mama angeachwa!

Nakijwa akamwendea mzee. "Baba, jani limekataza jembe. Na moto je, limeukataza?"

Senkoro akakuna kichwa. "Moto hapana, mwanangu. Ila unajisumbua bure."

Akajisumbua! Akakata kuni, akawasha, jiwe likapata moto sawasawa, akalimwagia maji baridi. Chwaaa! Kimya. Akakata tena, akawasha, akamwagia. Chwaaa! Kimya. Watu wakamcheka: "Nakijwa, jiwe limeiva? Tuonjeshe mchuzi!" Mikono ikamchubuka, akalia. Ndiyo, alilia, lakini alilia huku anakata kuni.

Mwezi ukafa. Watu wakajitwika mizigo, wakashika njia. Nakijwa kutazama, jiwe lina ufa mwembamba kama unywele, na kuni zimekwisha! Akatimua mbio nyumbani.

"Mama, kuni hakuna!"

"Chukua kitanda changu."

"Utalalia nini?"

"Ukishindwa, sitakihitaji. Ukiweza, utanichongea kingine. Kimbia, mwanangu!"

Moto ukawaka, jamani, ukawaka! Maji, chwaaa! Halafu... tulieni... PAAA! Jiwe likapasuka katikati! Maji yakaruka, yakateremka mashambani, yakawakuta wahamaji njiani na kuwalowesha miguu. Vigelegele! Senkoro akatupa mzigo, akarudi mbio, uzee wote umemtoka, akaling'oa jani kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilisema unajisumbua bure," akahema. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, baba. Sasa shika shoka, tuchonge kitanda cha mama."

Basi sikilizeni. Moto wao na moto wa Nakijwa ulikuwa moto uleule. Wao waliwasha siku moja wakaenda zao. Yeye alirudi kila siku. Kazi ikikugomea leo, kesho irudie, wala usiwaonee haya wanaokucheka.

Kisa changu kimetoka mtoni, kimefika shambani. Aliyesikia na anywe. Aliyesinzia, shauri yake!